Zenit ya marehemu babu: hesabu kabla ya kushika bisibisi

Ukirudi ughaibuni kutoka likizo Mtwara au Lindi na kamera ya mkanda ya marehemu babu, tuseme Zenit-E yenye lenzi ya Helios 44-2, swali huwa moja: itapiga picha za dijitali? Itapiga. Huku tuliko vifaa vinaagizwa bila taabu: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi Zero 2 W na bodi ya kamera ya HQ, yenye kihisi (kipande kinachopokea picha badala ya mkanda) cha Sony IMX477 cha megapikseli 12.3. Kihisi hicho unakilaza ndani ya kamera, nyuma ya lenzi ya babu. Ila piga hesabu kwanza.

Fremu ya mkanda ni milimita 36 kwa 24. Kihisi hiki ni 6.3 kwa 4.7 tu. Lenzi ya milimita 58 inageuka darubini: bibi akikaa mita 2 mbele yako unapata uso wake, ushungi umekatwa. Ukoo ukijipanga mita 4 kwa upana harusini Shangani, Mtwara, inabidi urudi nyuma kama mita 37, yaani umeshaingia uani kwa jirani. Majahazi yaliyotia nanga Mikindani, sawa, hapo inafaa.

Fungua mlango wa nyuma, toa bamba linalokandamiza mkanda. Kwenye bodi ya HQ legeza skrubu mbili za heksi ya milimita 1.5, kisha ondoa kishikio cha lenzi cha chuma. Usiguse kioo cha kihisi. Hapa ndipo wengi wanapoponzwa: kichujio cha infraredi (mwanga usioonekana kwa macho lakini kihisi huuona) kimo ndani ya kile chuma, kwa hiyo kimeondoka nacho. Majani ya mkorosho yatatoka ya waridi, na nguo nyeusi itaonekana ya hudhurungi. Dawa ni kufunga kichujio cha kuzuia infraredi mbele ya lenzi. Helios 44-2 inachukua cha milimita 49.

Kazi ngumu ni kukilaza kihisi pale pale ulipolala mkanda. Tumia vipande vya karatasi ya printa ya gramu 80. Kimoja kina unene wa karibu milimita 0.1. Kihisi kikikaa nyuma kwa karatasi moja tu, lenzi iliyozungushwa hadi mwisho inaona vizuri kitu cha umbali wa mita 34, na mbali zaidi ya hapo ni ukungu usiorekebishika. Kikiwa mbele kidogo, unarekebisha kwa kuzungusha lenzi. Kwa hiyo ukikosea, kosea mbele, lakini kisifikie pazia la kitambaa la shata, linalofunguka kupitisha mwanga, maana litakwaruzwa kila linapopita.

Shata iweke kwenye B (inabaki wazi muda wote kitufe kimebonyezwa), uifunge kwa waya wa kufyatulia wenye kufuli. Pazia linabaki wazi, kasi inatoka kwenye kompyuta: amri ya rpicam-still --shutter 8000 (mikrosekunde 8000) ni sekunde 1/125. Hasara yake, kioo cha ndani kinabaki juu na kitazamio kinakuwa giza, hivyo utahitaji skrini ndogo. Bodaboda inayopita kasi itaonekana imelala upande, kwani kihisi husoma mstari baada ya mstari.

Mlango wa zamani hautafungika. Fundi mchongaji wa Kimakonde anaweza kukuchongea mfuniko. Mpingo ni mzuri, ila ni mzito hadi unazama majini. Mninga uliopakwa ndani rangi nyeusi isiyong'aa unatosha.

Anayetaka picha tu asijisumbue na haya. Adapta ya kutoka M42 (skrubu ya lenzi hii) kwenda Sony E (mdomo wa kamera za kisasa za Sony) inaiweka lenzi milimita 45.46 kutoka kwenye kihisi, kama ilivyokuwa kwenye Zenit, na kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha ukubwa wa fremu ya mkanda) itaona kwa upana ule ule wa zamani.

Pawabenki ya kuendeshea kompyuta hiyo ipande ndegeni kwenye begi la mkononi. Ya mAh 10,000 ni kama Wh 37 (wati-saa, kipimo cha nishati), chini ya kikomo cha Wh 100 cha ndegeni. Na kabla hujaondoka Mtwara, mulika lenzi kwa tochi. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, ni kuvu ya unyevu wa pwani, na ikishakula utando wa kioo hakuna kihisi kitakachoiponya.