Banda la Bati Mwezi wa Februari

Ni Jumapili usiku. Jeki amelala barazani karibu na miguu yangu, tumbo lake limegusa sakafu ya saruji na miguu ya nyuma ameinyoosha kama chura. Kwa kawaida saa hizi angekuwa anazunguka uani akibwekea kila pikipiki inayopita, lakini leo nimemwacha apumzike.

Jana saa nane mchana nilirudi kutoka msibani Bagamoyo nikamkuta mlinzi wetu, ambaye nyumbani sote tunamwita Babu, amesimama mbele ya banda la mbwa na ndoo ya maji mkononi. Hata shikamoo sikuwahi kuitoa. "Mama, huyu mbwa si mzima," aliniambia. "Nimemwita mara tatu, mkia hautikisiki." Jeki alikuwa amelala ubavu, akitweta kwa kasi ambayo sijawahi kuiona, mate mazito yakimning'inia mdomoni, nilipomwinua mdomo niliona ufizi umekuwa mwekundu kupita kawaida, na alipojaribu kusimama alipepesuka, akaanguka tena.

Nilichukua khanga, nikailowesha na kumfunika, kisha nikampigia daktari wa mifugo nikiwa tayari na funguo za gari. Daktari alinikataza yote mawili. Khanga niiondoe, kwa sababu kitambaa kilicholowa kikikaa juu ya mwili uliopata joto kali hupata moto nacho, kikazuia upepo. Na gari lisubiri, kwa kuwa mbwa aliyezidiwa na joto hupozwa kwanza, ndipo asafirishwe. Basi tulimtoa bandani tukamlaza kivulini, mimi nikammwagia maji ya bomba mwili mzima bila kukoma, na Babu akampepea kwa mfuniko wa ndoo, maana umeme ulikuwa umekatika. Tulipofika kliniki, baada ya maji yote hayo, kipimo bado kilisoma nyuzi 40.3. Mbwa mzima huwa na nyuzi 38 na kidogo hadi 39 na kidogo. Akipita 41, viungo vya ndani huanza kuharibika. Alitundikiwa dripu hadi magharibi.

Najua kilichomfikisha hapo, kwa sababu nilikijenga mwenyewe. Banda lake lina kuta za tofali, paa la bati lililo chini kiasi kwamba mtu mzima hawezi kusimama, na kageti ka chuma kanakotazama machweo. Kama ilivyo katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Jeki hufungiwa alfajiri na kufunguliwa usiku, ukiacha matembezi ya saa kumi jioni, kwa kuwa wageni humwogopa na majirani wanaokwenda msikitini hawapendi kuguswa na mate yake, jambo ambalo ni haki yao. Julai, upepo wa kusi ukivuma, utaratibu huo haumdhuru. Februari, katika kaskazi, bati lile huwa kikaango, na karai la maji nililoliweka pembeni lilikuwa juani. Jana nilipotia kidole ndani yake, maji yalikuwa ya kuogea mtoto mchanga.

Nilikuwa nikijifariji kwamba mbwa wetu wamezoea joto. Kuzoea kunasaidia, lakini mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Jasho lake ni la nyayo tu, na halitoshi kitu. Kazi yote hufanywa na kutweta: hewa hupita juu ya ulimi na njia ya pumzi iliyolowa, unyevu hukauka na kuondoka na joto, sawasawa na mtungi wa bibi yangu uliokuwa ukipoza maji kwa kutoa unyevu nje. Lakini siku ambayo mimi mwenyewe nafuta jasho na halikauki, ulimi wa Jeki nao haupati pa kupelekea unyevu wake. Mbwa wenye pua fupi huumia zaidi, kwani njia yao ya pumzi ni finyu tangu kuzaliwa.

Jirani mmoja alishauri tumnyoe. Jeki ana damu ya German Shepherd, na daktari alisema manyoya ya aina hiyo yana tabaka mbili zinazomkinga pia dhidi ya jua, kumchana kunatosha.

Picha isiyonitoka ni ya Babu. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka yote humsukumia Jeki chakula kwa ufagio ili asimguse. Jana alikishika kichwa chake kwa mikono miwili, akanisimulia kisa cha mtu aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu chake maji na kumnywesha mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Tulipomaliza alikwenda bombani, akachota mchanga, akajitwaharisha mara saba bila kulalamika, kisha akaswali.

Leo asubuhi fundi ameng'oa bati. Kesho ataezeka makuti, atabomoa ukuta mmoja na kuweka nondo ili upepo upite, na nimenunua mtungi wa udongo utakaokaa kivulini. Matembezi ya saa kumi nimeyasogeza hadi baada ya giza, lami ikiwa imepoa kiasi cha kuvumiliwa na mgongo wa mkono.

Jeki hataki hata kulisogelea lile banda. Babu amemtandikia gunia chini ya mwarobaini, karibu na kiti chake.