Neno moja katika barua ya daktari

Kaka yangu alirudi Tabora baada ya miaka sita katika Jeshi la Marekani, akiwa na mgongo unaomlazimu kulala sakafuni, na mwaka jana maombi yake ya mafao ya ulemavu yalikataliwa. Alisoma sentensi ya kwanza ya barua, akaikunja mara nne na kuisukumia chini ya redio. “Mdogo wangu,” akasema, “hawa watu wanasema sikuumia.”

Barua haikusema hivyo. Nilipoikunjua jioni ile barazani, nilikuta kwamba maumivu yake yamekubaliwa, na hata kuanguka kwake kutoka kwenye lori kumekubaliwa, kwa kuwa kumbukumbu za zahanati ya kambi zilikuwamo katika jalada. Kilichokosekana ni kiungo kati ya mawili hayo. Barua ya daktari wa hapa, ambayo ni mimi niliyeifuata, ilisema maumivu “huenda” yametokana na ajali. Kwa sheria ya Marekani mwombaji halazimiki kuthibitisha pasipo shaka: uwezekano usiopungua nusu kwa nusu unatosha, na mizani ikilingana, shaka humfaa askari. Lakini “huenda” haifiki hata hapo, maana aliyesema huenda ndiyo amesema pia huenda siyo.

Tangu Februari 2019 aliyekataliwa ana njia tatu: kupeleka maombi ya nyongeza yenye ushahidi mpya unaohusika, kuomba ofisa wa ngazi ya juu alipitie upya jalada lilelile, au kwenda mbele ya Bodi ya Rufaa. Kaka, kwa hasira, alitaka ya pili. Nikamzuia, kwa sababu huko ushahidi mpya haupokelewi, na upungufu wetu ulikuwa ushahidi wenyewe. Tarehe ya barua tuliizungushia wino mwekundu, kwani anayewahi ndani ya mwaka mmoja, akishinda, anaweza kulipwa kuanzia tarehe ya maombi ya kwanza.

Safari hii daktari tulimpelekea kumbukumbu zote za jeshi. Akaandika kurasa mbili, akataja alichokisoma, akaeleza kwa nini kilimo cha tumbaku alichokifanya kaka baadaye hakitoshi kuleta jeraha la namna ile, na “huenda” haikuonekana popote. Askari mwenzake aliyemwona akianguka alituma maelezo yake pia. Tulituma vyote zikiwa zimebaki wiki tatu. Nakala ziko ndani ya bahasha ya kaki, chini ya redio ileile, nasi tunasubiri.