Jioni Tuliyokwenda Kumwona Russell Means

Sinema yenyewe iliitwa Pathfinder, ikatoka Marekani katikati ya Aprili 2007. Wakati huo nilikuwa nasoma Minneapolis, na usiku nafanya kazi maktaba ya chuo, kupanga vitabu vilivyorudishwa. Mwenzangu wa zamu alikuwa kijana wa Kiojibwe, moja ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Amerika wanaoitwa pia Wahindi, kutoka White Earth, ardhi ya watu wake kaskazini-magharibi mwa jimbo la Minnesota. Yeye ndiye aliyekuja na habari: kuna sinema ya Waviking, mabaharia wavamizi wa kale wa Skandinavia, wanaovamia Amerika kabla ya Columbus, na Russell Means yumo.

Kwa kijana wa White Earth anayeishi Minneapolis, Means hakuwa mwigizaji tu. Harakati ya Wahindi wa Marekani, AIM, ilianzishwa katika mji huo huo mwaka 1968. Watu wake walikuwa wakizunguka usiku mtaa wa Franklin kuwaangalia polisi, ili wenzao wasipigwe ovyo wakitoka baa. Means, Mlakota wa Oglala, akaja kuwa sura ya harakati hiyo, na mwaka 1973 alikuwa miongoni mwa viongozi walioshikilia kijiji cha Wounded Knee, kule South Dakota, kwa siku 71 huku wamezingirwa na vyombo vya dola. Mjomba wake rafiki yangu aliwahi kutembea kwenye doria zile za Franklin. Kwa hiyo mwenzangu hakuwa na haja na mapanga. Alikuwa anakwenda kumwona mzee wao kwenye kioo kikubwa.

Kijana niliyekuwa naishi naye chumba kimoja akataka kuja pia, kwa sababu zake. Ukoo wao ulitoka Norwei, na Minnesota imejaa watu wa asili ya Norwei na Uswidi. Timu ya futiboli ya Kimarekani ya pale inaitwa Vikings, kofia zake zimechorwa pembe. Na mji wa Alexandria unatunza jiwe lenye maandishi ya kirune, herufi za kale za Skandinavia, lililoibuliwa shambani mwaka 1898, eti liliachwa na watu wa Skandinavia mwaka 1362. Wataalamu wengi wanasema ni la kughushi. Ukilisema hilo mbele ya wazee wa kule, jiandae kwa ubishi. Basi akaja na rafiki zake, baadhi wamevaa fulana za zambarau za timu, wamekumbatia ndoo za bisi.

Hadithi ni fupi. Mtoto wa Kiviking anakutwa kwenye mabaki ya meli, analelewa na wenyeji. Miaka inapita, Waviking wanarudi, wanachoma kijiji, na kijana yule, anayeigizwa na Karl Urban, anawageukia watu wa damu yake. Kinachofuata ni kuua mpaka mwisho. Lakini picha! Misitu ya British Columbia, ukungu, theluji, kila kitu kimefifishwa rangi mpaka kimebaki kijivu na bluu, na damu inaonekana nyeusi. Waviking ni majitu yaliyovikwa chuma na manyoya, sura huzioni. Wanaongea Kiaislandi, tafsiri inapita chini. Wenyeji wanaongea Kiingereza. Ungeweza kusimamisha sinema popote ukachapa bango la kubandika ukutani.

Kichwa cha kwanza kilipoondoka mabegani, ukumbi ulilipuka. Fulana za zambarau zilisimama, mtu mmoja akapiga mluzi. Mimi nimekulia kwenye vibanda umiza vya Manzese, kelele za aina hiyo nazijua. Tulikaa kwenye mabenchi, joto kali, sauti ya Lufufu ikitutafsiria, na watu wazima walikuwa wakimpigia kelele stelingi: "Geuka, yuko nyuma yako!" Tulijua stelingi hafi, lakini tulimwonya hivyo hivyo, kwa sababu tulijua mama yake ni nani, ameuliwa na nani, na deni gani linadaiwa. Asipojulikana, mfasiri mwenyewe alimtungia ukoo papo hapo.

Pale Minneapolis hakuna aliyemwonya mtu yeyote. Walishangilia mapigo, basi. Jicho likitobolewa, shangwe. Mtu akichomwa mti wa ncha kali, shangwe, ila ndogo zaidi. Shujaa alipoteleza mlimani juu ya ngao kama mtoto kwenye theluji, watu walicheka kwa sauti, na sidhani kama mwongozaji, Marcus Nispel, alikusudia wacheke. Kufika katikati, simu zilianza kuwaka gizani moja moja. Dada mmoja wa safu ya mbele alijifunika koti kichwani akalala. Damu ilikuwa inamwagika vilevile, sauti ya mashoka ileile, lakini ukumbi ulishachoka.

Means alikuwa mzee wa busara, ndiye Pathfinder mwenyewe wa jina la sinema. Uso wake ulijaza kioo, ile mikunjo, ile sauti nzito, na mwenzangu wa zamu akajisogeza mbele kwenye kiti. Aliweka viwiko magotini, akabaki hivyo. Mzee akaongea maneno machache ya hekima, yale wanayopewa wazee wa Kihindi katika kila sinema. Kisha Waviking wakamuua, kikatili, na kamera haikukwepa.

Nyuma yetu mtu akapiga makofi.

Sioni kama alikuwa na ubaya. Alikuwa amepewa saa nzima ya mafunzo kwamba kifo cha mtu yeyote pale ni kitu cha kushangilia, naye akafuata. Ila niliona mgongo wa mwenzangu ukinyooka taratibu mpaka ukagusa kiti, na hakujisogeza mbele tena mpaka majina yalipopanda.

Nje, kwenye maegesho, mabishano yakaanza. Wenye fulana za zambarau walikuwa wanalinganisha na 300, sinema ya vita ya Wasparta iliyotoka mwezi mmoja kabla: ile ilikuwa na wanaume, hii ina nguo tu. Mwenzangu wa chumbani alikuwa na hasira ambayo sikuitegemea. Alisema babu yake alikuwa akimsomea saga, masimulizi ya kale ya Kiaislandi, za safari za Vinland, jina ambalo Waviking waliipa nchi waliyoifikia Amerika, na hakuna aliyevaa pembe kichwani. Pembe zile zililetwa na majukwaa ya opera ya Ujerumani karne ya 19. Halafu akatusimulia jinsi saga zinavyosema wageni na wenyeji walivyoanza kwa biashara. Wenyeji walileta ngozi za wanyama. Waviking wakawapa maziwa, nao wakayapenda, wakatoa ngozi kwa kunywa maziwa tu. Ugomvi ulikuja baadaye. Thorvald, ndugu yake Leif Erikson, yule nahodha maarufu wa safari hizo, alikufa kwa mshale, na mwishowe Waviking wakaona nchi ni nzuri lakini wenyeji ni wengi, wakafunga mizigo. Mabaki ya nyumba zao yalitambuliwa mwaka 1960 pale L'Anse aux Meadows, Newfoundland.

Kijana wa White Earth alikuwa ameegemea gari, kimya. Akauliza, "Kwa hiyo waliondolewa na wenyeji wenyewe?"

"Ndivyo saga inavyosema."

"Bila mtoto wa Kiviking kuwasaidia?"

Hakuna aliyemjibu. Na mpaka leo, nikiulizwa tatizo la sinema ile, sitaji damu. Namkumbuka yeye akiuliza vile. Watu waliokuwa na ushindi wao, kwenye simulizi za adui wao mwenyewe, walinyang'anywa ushindi huo, wakapewa mwokozi mweupe na kuachiwa kazi ya kufa kwa uzuri mbele ya kamera.

Ni yeye pia aliyegundua, kwenye zamu yetu, kwamba sinema ile iliigwa kutoka kwa nyingine ya mwaka 1987, ya Nils Gaup wa Norwei, iliyopigwa kwa Kisami cha Kaskazini, lugha ya wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Skandinavia, na kufika hadi kuteuliwa kugombea Oscar. Maktaba ilikuwa na kanda. Tuliitazama sisi watatu kwenye chumba cha video. Mule pia kuna wavamizi, kuna kijana aliyeuliwa ndugu zake, kuna genge lililofungana kamba mlimani. Waliokufa ni wachache mno, na kila mmoja alituuma. Kuna mahali mganga wa Kisami anamziba kijana pumzi, mdomo na pua, ili ajue kwamba ameungana na hewa asiyoiona. Rafiki yangu akaomba turudishe nyuma tuone tena hapo. Tukarudisha zaidi ya mara moja, na mwenzangu wa chumbani akawa wa kwanza kuuliza kama maktaba inaruhusu kuitoa.

Kanda ikaenda White Earth mwisho wa juma. Mjomba mtu aliitazama yote, akaisifu, akasema wale wazee wanafanana na wa kwao. Halafu akauliza ile nyingine yenye Russell itapatikana lini. Mpwa wake akamweleza kila kitu: pembe, shangwe, mtu aliyepiga makofi. Mzee akamwambia ataitazama hivyo hivyo, maana Russell akiwa kwenye kioo, yeye huwa haangalii kingine.