Nilifuata Noah Yokohama, nikapigwa chini Tokyo

Nilikwenda Japani kutafuta gari. Shemeji yangu alitaka Noah, na mimi nilishachoka kununua magari kwa picha, gari inashuka bandarini Unguja na kutu ambayo kwenye simu haikuonekana. Habari za mnada sitazieleza. Ni uwanja mkubwa, mvua, na watu wameinamia skrini. Gari ilipatikana, bei ilinichoma, basi.

Jumapili mnada ulikuwa umefungwa, nikatembea hadi bustani ya Yamashita, hapo hapo Yokohama ufukweni. Kuna meli kongwe imefungwa gati, inaitwa Hikawa Maru. Kiingilio yeni 300, na sikumbuki kitu kingine nilicholipia Japani bila kuguna. Nilikuwa na sababu ya kuitaka meli ile. Kano Jigoro, mzee aliyeiasisi judo, mchezo wa Kijapani wa kukabana na kutupana, mwaka 1882, alifia ndani yake Mei 1938. Alikuwa ametoka Cairo kwenye mkutano wa Kamati ya Olimpiki, akarudi kwa njia ndefu ya kuzunguka Amerika, nimonia ikamkamata baharini, na zilikuwa zimebaki siku mbili tu afike Yokohama. Nilisimama kwenye sitaha nikamsomea Fatiha kwa mazoea, kisha nikakumbuka mzee hakuwa Muislamu. Nadhani hakuna aliyedhurika.

Sisi Unguja judo tuliijua miaka ya tisini, kupitia Mjapani aliyehamia kwetu akaanza kufundisha vijana. Mimi nilikuwa mmoja wa vijana hao. Marehemu bibi yangu aliniona siku moja nainama mbele ya picha ya Kano ukutani, akaniuliza, "Mnamsujudia nani huyu?" Ilinichukua wiki nzima kumtuliza. Baadaye ndoa, duka, watoto, na judogi, vazi la mazoezi, ikaingia kabatini. Safari hii niliitoa nikaitia begini, mke wangu akacheka mpaka akakaa chini.

Tokyo ni karibu, lakini nauli za treni zinakula kidogo kidogo mpaka unashtuka. Chumba nilichopata, ukifungua begi huna pa kukanyaga, na kila chakula dukani nilikigeuza nyuma nikitafuta alama ya nguruwe. Nikaishia kula wali wa samaki uliofungwa na mwani, asubuhi na jioni. Halafu embe. Nimeona embe moja, moja tu, limelazwa ndani ya kisanduku kama pete ya posa, limetoka mkoa wa Miyazaki, yeni elfu tano. Hiyo ni kama shilingi elfu themanini! Kwetu msimu ukikolea, embe dodo zinaoza chini ya miti na watoto wanapigana nazo. Nilimpiga picha yule embe nikamtumia shemeji, akadhani namdanganya.

Kodokan, shule ya judo aliyoiasisi Kano, iko Bunkyo hapo Tokyo, karibu na stesheni ya Kasuga, na sanamu ya Kano iko nje inakupokea. Ukumbi mkubwa uko ghorofa ya saba, mikeka ya tatami 420, na chini yake sakafu inanepa ukianguka. Kutazama kutoka juu ni bure. Ningeweza kutazama tu. Lakini nilishapita dukani nikaona judogi nzito inauzwa zaidi ya laki tatu za kwetu, na nikasema yangu kuukuu imesafiri bara zima, lazima ipate jasho. Nikajaza fomu, nikalipa, nikavaa.

Nafunga mkanda, nikasikia nyuma yangu, "Shikamoo."

Marahaba ilinitoka kabla sijageuka. Alikuwa kijana wa Kijapani, wa miaka thelathini hivi, amewahi kufundisha hesabu sekondari Dodoma kama mfanyakazi wa kujitolea. Alikuwa ameiona bendera ya Tanzania niliyoshonewa begani zamani. Kiswahili chake ni cha Dodoma kabisa, anatulia katikati ya maneno. Akaniita kaka, halafu akafikiri kidogo akanibadilisha kuwa mzee. Ndiye aliyenipeleka kwa sensei, yaani mwalimu.

Sensei alikuwa na mkanda wa pande nyekundu na nyeupe, wa mabingwa wa daraja za juu, na kichwa chake kilinifika kifuani. Akauliza mtupo gani naupenda. Nikajibu bila kuwaza: ippon seoi nage. Unguja kila mmoja wetu alijifanya bingwa wake, kwa vile unaonekana mtupo wa wenye misuli. Mkono unapita chini ya kwapa la mwenzako, unambana, unampa mgongo, unamvusha juu ya bega. Mzee akanipa mkono wa judogi yake, akasema jaribu.

Nikaingia kwa nguvu zangu zote za ujana, zilizobaki. Mzee hakunyanyuka. Wala hakujizuia; alisimama tu, huku mimi nimejikunja mbele yake mgongo umeniuma.

"Anasema mkono wa kulia unafanya kazi ya watu wawili," kijana akatafsiri, "na wa kushoto umelala."

Akanionyesha. Mkono wa kushoto umeshika mkono wa judogi karibu na kiwiko, na ndio unaoanza: unavuta mbele na juu, mpaka kiganja chako kinafika usawa wa macho, mpaka uzito wa mwenzako umehamia kwenye vidole vya miguu. Hapo ndipo mguu wa kulia unatangulia mbele ya mguu wake wa kulia, unazunguka, wa kushoto unafuata nyuma, magoti yamekunjwa, makalio yako yakiwa chini ya mkanda wake. Mkono wa kulia unakuja mwisho, na kazi yake ni kubana sehemu ya juu ya mkono wake ndani ya kiwiko chako. Usiache upenyo kati ya mgongo wako na kifua chake. Kisha nyoosha magoti, tazama kushoto, endelea kuvuta.

Alinifanyia mimi mara moja. Naapa sikuhisi kubebwa. Nilihisi nimevutwa kwenda kuangalia kitu mbele yangu, halafu dari, halafu mkono wangu mwenyewe ukapiga tatami kwa mazoea ya miaka ile. Kilo zangu tisini na ushee, na mzee hakuhema.

Tukarudi kwenye uchikomi, kuingia na kutoka bila kutupa, mpaka jasho likaniingia machoni. Kila nikiinama kabla makalio hayajaingia, mzee ananigonga kiunoni kwa vidole viwili. Kijana akanipumzisha kwa kunionyesha video za Koga Toshihiko kwenye simu, yule aliyechukua dhahabu ya Olimpiki Barcelona mwaka 1992 huku goti lake limeumia mazoezini siku chache kabla. Mtupo wake mkubwa ulikuwa huu huu, lakini anaingia miguu imeachana sana, kinyume na yote niliyokuwa nagongwa kiuno kwa ajili yake. Nikamuuliza mzee kuhusu Koga. Akajibu neno fupi, na kijana akacheka kabla ya kutafsiri: "Anasema wewe si Koga."

Karibu na mwisho wa mazoezi nilimtupa kijana wa Dodoma. Mkono wa kushoto ulivuta, na mwili wake ukaja mwepesi mno nikadhani amenirukia kunipendezesha. Akaapa hakuruka. Mzee alikuwa ameshaondoka kwa wengine, hakuona, na hilo liliniuma kuliko kiuno.

Tulipokuwa tunavua, kijana akauliza kama akija Unguja atapata pa kufanyia mazoezi. Nikamwambia aje, ila asije Ramadhani, maana jioni watu wanangoja futari. Aje baada ya Iddi, na akiweza aje msimu wa embe.

"Bei gani, mzee?" akauliza, na ndipo nikajua kijana ameishi Tanzania kweli.