Tulivyorekodi upya albamu yetu na matarumbeta ya kanisa, Mtwara

Albamu yetu ya kwanza ilikuwa na matarumbeta ya uongo. Tuliyatoa kwenye kinanda, tukayaficha nyuma ya magitaa, na kila ukifika wimbo wa tatu mimi nilikuwa naona aibu.

Aprili 1999 Metallica, bendi ya roki ya Marekani, walirekodi Berkeley, California, pamoja na okestra ya San Francisco Symphony. Nota za okestra aliziandaa Michael Kamen, mtu aliyezijua dunia zote mbili, ya roki na ya okestra. Sisi hapa hatuna okestra. Tuna bendi ya matarumbeta ya kanisa, wapulizaji 11, mjini wanajulikana kwa harusi na mazishi. Nikabeba gitaa hadi mtaa wa Shangani kwa mwalimu wao.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nyimbo zenu ziko ufunguo gani?"

"Nyingi ziko E."

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Vijana wangu watazimia!"

Nilikuwa sijui. Tarumbeta lao ni la Bb (B flati): mpigaji akisoma C, inayotoka ni Bb. Kwa hiyo wimbo wangu wa E, yeye anausoma F shapu, shapu 6 kwenye karatasi, yaani alama sita za kupandisha noti nusu toni. Gitaa linaipenda E kwa sababu nyuzi zinalia wazi. Mpulizaji akiiona anatafuta mlango. Dawa ilikuwa rahisi hadi nikajichukia: tulilegeza nyuzi zote nusu toni. Wimbo ukawa Eb, wao wakasoma F yenye flati 1 tu (alama ya kushusha noti), na vidole vyangu vikabaki palepale. Hata mwimbaji wetu, ambaye noti za juu siku hizi zinamkimbia (atanikasirikia), alipata ahueni.

Mazoezi yalichukua wiki tatu, sina la kusimulia zaidi ya ubwabwa tulioumaliza.

Shida ilikuwa ukumbi. Bati tupu, hakuna dari. Siku ya kwanza tulianza saa kumi jioni, na kila wimbo ulivyoendelea matarumbeta yalizidi kupanda juu ya magitaa. Hewa ndani ya bomba ikipata joto, sauti inapanda. Wakavuta nje vibomba vya kutunia ili bomba lirefuke na sauti ishuke, ikasaidia kidogo. Jua lilipozama likaja jingine: bati likipoa linalia. Tak. Kimya. Tak, tak. Tukaahirisha. Kesho yake tulisubiri watu watoke msikitini swala ya isha, bodaboda zikapungua, ndipo tukawasha mashine.

Maiki zilikuwa 4. Spika ya gitaa niliifungia stoo na godoro mlangoni, isivujie kwenye maiki za wapulizaji. Tromboni tulizisogeza nyuma, matarumbeta tukayageuza upande, maana ukiyaelekeza kwenye maiki yanafuta kila kitu. Tulijaribu kwanza kupiga kwa kliki, ule mlio wa mashine wa kuhesabu mapigo, mwalimu peke yake akiwa na hedifoni. Wapulizaji wakawa wanachelewa nusu pigo kila mstari. Nikaizima. Mpiga dramu wetu akakaa anautazama mkono wa mwalimu, na wimbo ukaanza kupumua.

Nilipunguza pia gitaa langu. Sehemu mbili nililiondoa kabisa, na moja niliipigania usiku mzima kabla ya kukubali.

Kwenye wimbo wa tatu, sekunde chache kabla matarumbeta hayajaingia, kuna bati moja lililochelewa kupoa. Nimeliacha.