Gozi Saba

Aliingia kwa miguu yake. Hilo ndilo lililonidanganya.

Ilikuwa 2015, mwezi wangu wa tatu wa mafunzo kwa vitendo katika hospitali ya mkoa, mji ulioko kando ya barabara kuu inayopitisha malori usiku na mchana. Saa mbili usiku kijana wa bodaboda akaletwa na wenzake wawili waliovaa reflekta, kila mmoja kamshika bega. "Shikamoo dokta," akaniambia, kana kwamba kaja kuniuliza njia. Alikuwa amekwepa bajaji, akaangukia usukani wa pikipiki yake mwenyewe. Hana jeraha la maana. Goti limechubuka, basi.

Karani wa mapokezi alikuwa akidai PF3 kwanza. Nikamwambia fomu ya polisi itafuata, mgonjwa ni huyu hapa. Tulipandishiana sauti kidogo. Dakika zile nazikumbuka kwa uchungu, ingawa naamini si zilizoleta shida. Shida niliileta mimi, kwa kuamini macho.

Presha 100 kwa 60, mapigo 124. Chini ya mbavu za kulia palikuwa na alama ya duara, nyekundu, sawasawa na ncha ya usukani. Na alikuwa akilalamikia bega la kulia. Nikalikagua bega kama nimepoteza kitu ndani yake: halijavimba, halijavunjika, linazunguka vizuri. Nikaandika "bega, dawa ya maumivu". Darasani nilikuwa nimefundishwa kwamba damu ikikusanyika chini ya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, maumivu hupanda na neva mpaka begani. Nililijibu swali hilo kwenye mtihani, nikapata. Usiku ule halikunijia hata kidogo.

Nilimwekea kanula mbili na lita moja ya maji. Presha ikapanda mpaka 112. Nikafurahi. Baada ya robo saa ikashuka mpaka 78, na vidole vyake vilikuwa baridi kama vya mtu aliyekuwa akifua alfajiri. Presha inayopanda kwa dripu kisha ikaporomoka inakwambia jambo moja tu: bado anavuja, na maji uliyompa yanazidi kuizimua damu iliyobaki.

Ufunguo wa chumba cha ultrasaundi ulikuwa nyumbani kwa mtu. Ulipofika, niliweka kifaa ubavuni kwa kulia, na kati ya ini na figo, mahali pasipotakiwa kuwa na nafasi, palikuwa na utepe mweusi mnene: damu. Hata mwanafunzi angeuona.

Nikampigia Mzee.

Ndivyo tulivyomwita daktari bingwa wetu wa upasuaji, mmoja tu kwa mkoa mzima, mwembamba, mwenye kandambili. Hakuuliza mengi. "Traneksamiki umempa?" Sijampa. "Mpe gramu moja sasa hivi, taratibu, dakika kumi. Dawa hiyo ya kuzuia damu kuvuja inataka saa tatu za mwanzo. Damu ipo?" Zilikuwepo chupa mbili za kundi O. "Watafute wenzake."

Sikuhitaji kuwatafuta. Nje ya mlango wa dharura palikuwa na pikipiki zisizopungua ishirini, na wenyewe wamekaa ukutani kimya, jambo ambalo sijaliona tena kwa madereva wa bodaboda. Mtu wa maabara akawaingiza mmoja mmoja, akawapima kundi na vipimo vya haraka vya magonjwa, wanaofaa wakatolewa. Damu yao ilikuja thieta ikiwa bado na joto la mwili, na Mzee alisema hakuna iliyo bora kuliko hiyo.

Nilichojua kuhusu ini lililopasuka kilikuwa cha vitabuni: kwamba mengi hupona bila kisu, mgonjwa akiwa ametulia, akipigwa picha ya CT na kulazwa chini ya uangalizi. Sisi CT hatukuwa nayo, na huyu hakuwa ametulia.

Thieta, kitu cha kwanza Mzee kufanya ni kuzima kiyoyozi. "Mtu akipoa, damu yake haigandi." Tukatoka jasho. Mtaalamu wa usingizi akasema, "Mkikata tu, presha inaondoka." Alisema kweli. Tumbo lilikuwa limejibana lenyewe, likiuzuia uvujaji. Tulipolifungua, damu ikamwagika mpaka kwenye kandambili za Mzee. Akajaza gozi kubwa, vile vitambaa vya kufyonza damu, kila pembe ya tumbo, akaanza kuzitoa moja moja akitafuta. Upande wa kulia, nyuma, ini lilikuwa limepasuka kiasi cha kiganja kuingia.

Nikaomba uzi.

"Ini umewahi kununua buchani?" akaniuliza bila kuinua kichwa. "Ulipofika nalo nyumbani, ulijaribu kulishona?"

Akachukua mikono yangu miwili, akaiweka juu ya ini, akayakutanisha mapande. "Bana hivyo. Usinionyeshe ufundi." Yeye akapitisha kidole nyuma ya shina la ini, pale unapopita mshipa wa ateri, mshipa mkubwa unaotoka utumbo, na mrija wa nyongo, akalibana kwa kidole na gumba. Ini la mtu mzima hupitisha karibu lita 1.5 za damu kila dakika, na sehemu kubwa huingilia mlango huo. Ujanja huu unaitwa kwa jina la Pringle, daktari wa Glasgow aliyeuandika mwaka 1908. "Saa!" Mzee akasema, na sista akaanza kuandika dakika ukutani, maana ini nalo likinyimwa damu muda mrefu linakufa.

Uvujaji ukapungua. Nikaona macho ya Mzee yakilegea. Ungeendelea vilevile, maana yake ni mishipa iliyojificha nyuma ya ini, na hapo, aliniambia baadaye, ndipo angeanza kusali.

Nilibana mpaka mikono ikafa ganzi. Chupa ya tatu ikaingia, ya nne, ya tano. Sikufanya lingine lolote, na mpaka leo sijafanya upasuaji uliokuwa mgumu kuliko ule wa kusimama tu. Kisha Mzee akapanga gozi juu ya ini na chini yake, akilirudisha katika umbo lake kwa kulikandamiza. Hakuingiza hata moja ndani ya ufa, kwa kuwa ungepanuka. Akafunga ngozi tu. Sista akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: GOZI 7 NDANI. Akaning'inizia na mkanda wenye namba hiyo kifundoni mwa mgonjwa. "Zamu hubadilika," alisema.

Saa 48 baadaye tulirudi. Tulizilowesha kwa maji ya vuguvugu ili zisibandue damu iliyoganda, na sista akahesabu kwa sauti. Ya sita ilipotoka, Mzee akanyamaza, mkono wake uko ndani hadi kifundo, unapapasa chini ya kiwambo. Hakuna aliyepumua. "Saba," sista akasema hatimaye, akaufuta ubao. Ini lilikuwa kavu.

Siku ya tano nilimkuta kaegemea mto, mama yake anamlisha uji kwa kijiko. Pikipiki ilikuwa polisi, na ilikuwa ya mkataba. Tajiri hajali kama umelazwa.

"Dokta," akaniambia, "hesabu ya bosi itakuwaje?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, wenzake wamemchangia, wameshapeleka za siku nne.

Akafikiri, akakunja vidole kimoja kimoja. "Tano," akasema. "Na ya leo je?"