Pipa langu la gesi liliwaka nilipoacha kulifungua

Chai ya asubuhi hapa kwangu Mtopanga, Mombasa, siipikii makaa tena. Naipikia gesi ya samadi ya ng'ombe, na najivunia. Lakini fundi aliyenishauri mwanzo alinipotezea karibu miezi miwili.

Aliniambia, "Mzee, fungua kifuniko kila asubuhi ukoroge, tope lipate hewa, litaiva upesi." Nikamsikiliza. Kila alfajiri nikitoka msikitini, nakoroga pipa la lita 200 hadi jasho. Tyubu ya lori niliyoiunga na pipa ikusanye gesi ikavimba, nikaita watu wa nyumbani, nikawasha. Kiberiti kikazimika! Nikarudia, kikazimika tena. Mle ndani sehemu kubwa ilikuwa kaboni dayoksaidi, gesi isiyowaka.

Jirani anayefundisha baiolojia ndiye aliyenieleza. Vijidudu vinavyotengeneza methani, ile gesi inayowaka, ndivyo hivyo vilivyomo tumboni mwa ng'ombe, mahali pasipo hewa. Oksijeni kwao ni sumu. Vile vinavyoanza kuozesha tope, vingi huvumilia hewa kidogo. Lakini hivi vya methani, hewa ikiingia, kazi imesimama. Kumbe kila alfajiri nilikuwa naviua kwa mkono wangu!

Nikamwaga lote, nikaanza upya na samadi mbichi ya siku hiyo hiyo, ndoo kwa ndoo na maji. Maji ya mfereji niliyalaza kwenye beseni wazi kwanza ili klorini itoke, maana imewekwa kuua vijidudu na haichagui.

Bomba la kutilia ndilo lililoniokoa. Nililishusha hadi shibiri moja kutoka chini, mdomo wake uzame ndani ya tope wakati wote. Ukimimina taka kwa juu, zinashuka zenyewe, na hewa haina pa kupenya: tope lenyewe ndilo kizibo. Kisha nikapaka povu la sabuni kwenye viungo vyote kwa nje. Vitatu vikatoa mapovu, na fundi aliapa viko sawa! Gharama yote elfu tano na kitu, tyubu nilipewa.

Gesi ya tyubu ya kwanza, iliyochanganyika na hewa ya pipani, niliitoa uwanjani, mbali na moto. Usiichezee hiyo: methani ikiwa asilimia 5 hadi 15 ndani ya hewa, cheche moja inailipua.

Joto letu la pwani lilisaidia, kwani vijidudu hivi hupenda nyuzi 35 hivi. Wiki ya nne nikawasha: mwali wa samawati, bila moshi. Mke wangu akateleka sufuria pale pale.